Kabla hujaomba "rangi mbili": mafua na salfa hapa Newala

"Shikamoo baba."
"Marahaba mwanangu. Nipe rangi mbili, mafua yamenikaba."

Alimaanisha zile kapsuli za antibiotiki. Nyusi zake zilikuwa za njano. Alikuwa ametoka moja kwa moja shambani, kanga kuukuu bado imening'inia shingoni, ile aliyojifunga puani wakati wa kupulizia.

Kuanzia Juni mpaka Agosti, mazungumzo ya aina hii hayaishi kwenye duka letu la dawa. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, baridi inakuwa imeshika, na ndiyo kipindi mikorosho inatoa maua. Salfa, ule unga wa njano wa kukinga mikorosho, hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande bado uko majanini, ili unga ushike na kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Unaoshindwa kushika jani unaishia puani kwa mtu. Ndiyo maana kabla ya kukupa chochote tunakuuliza: jana ulikuwa shamba gani?

Salfa inawasha macho na koo, inaleta chafya na kikohozi, lakini haileti homa, wala haimwambukizi mtu aliyebaki nyumbani. Ukikaa siku mbili bila kwenda shamba unapata nafuu. Dawa yake ni barakoa inayobana vizuri, miwani ukiipata, mikono mirefu, na kuoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kanga puani inasaidia kidogo sana.

Mafua yenyewe yanakuja polepole: koo linakereketa, kisha kamasi, na mara nyingi yanakwisha ndani ya siku 7 hadi 10. Homa ya mafua makali, ile ya influenza, inakuangusha ghafla, joto juu na viungo vyote vinauma. Yote mawili yanaletwa na virusi. Rangi mbili zinaua bakteria, virusi hazivigusi kabisa. Kwa hiyo tukikunyima usiseme tuna roho mbaya. Kwanza ni dawa ya cheti. Pili, ukizizoea bure, bakteria wanazizoea pia, na siku mtoto akipata nimonia kweli hazitamsaidia.

Jambo jingine tunalolipigia kelele ni kuchanganya. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake. Ukimeza hivyo, kisha ukaongeza parasetamoli kwa ajili ya kichwa, umekunywa dozi mbili, na ini ndilo linaloumia. Njoo na pakiti ya ulichokwisha kunywa tuisome pamoja. Tangawizi na asali kunywa tu, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali.

Sasa kujikinga. "Nawa mikono" ni rahisi kusema kwa mtu mwenye bomba ndani. Hapa kwetu dumu la maji linanunuliwa. Lakini zile sekunde 20 zinazosemwa ni za kusugua kwa sabuni, si za kumwaga maji. Lowesha, funga maji, sugua mpaka katikati ya vidole, kisha suuza. Kibuyu chirizi cha kidumu cha lita 5, chenye tundu dogo na kijiti cha kukanyaga, kinahudumia familia nzima kwa maji kidogo, na hakuna anayeshika koki kwa mkono mchafu. Kinachotusumbua zaidi ni lile bakuli la msibani linalozungushwa, wa kumi ananawa uchafu wa wale tisa. Mtu mmoja ashike jagi, awamiminie wenzake.

Chafya ielekeze kwenye kiwiko. Fungua dirisha hata kama kuna baridi, maana chumba walimolala sita kimefungwa ndimo mafua yanamopita kwa haraka. Ukiumwa, salamu ya mdomo inatosha. Mimi mwenyewe mwaka jana nilijifanya shujaa, nikauza dawa huku napiga chafya, na ndani ya wiki moja mwenzangu wa dukani na watoto wake wote walikuwa kitandani.

Kuna hali ambazo hatuuzi kitu, tunakuelekeza zahanati: mtoto anayepumua haraka au mbavu zinabonyea ndani, homa ambayo haijapimwa malaria, na kikohozi kilichofikisha wiki mbili, hicho kinatakiwa kipimwe kifua kikuu.

Ndoo ya maji na sabuni viko mlangoni pa duka, kwa kila mtu, hata kama hununui. Ukiikuta imekauka, gonga dirisha utuambie.