Barua kwa Nassor, juu ya ule mti

Tanga, Jumapili usiku

Kwako ndugu yangu Nassor,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua imetulia, na mama anakusalimu. Anauliza kama huko Muscat unakula chakula cha watu au umeshahamia kwenye mikate. Nimemjibu kwa niaba yako, usije ukaniumbua.

Ujumbe wako wa Alhamisi niliusoma nikiwa kwenye daladala, nikacheka peke yangu mpaka konda akanitazama. Nilipofika nyumbani kicheko kikaisha. Umeniuliza: "Wewe uliyetuchomea mti wetu, usiku ule ulilala?" Najua ni utani. Kwenye World of Warcraft, mchezo wetu wa kompyuta, wewe uko upande wa Alliance, mimi upande wa adui zenu Horde, na utani wetu umeshaupita ule wa Simba na Yanga. Lakini swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwenye simu hutaniacha nimalize, ndiyo maana naandika.

Jibu ni kwamba nililala fofofo. Hilo ndilo linalonisumbua.

Upande wenu mliuona moto tu. Ngoja nikusimulie ulivyokuwa upande wetu, maana sidhani kama nimewahi kukueleza. Ilikuwa mwaka 2018, mwisho wa Julai, wiki mbili kabla toleo jipya la mchezo, Battle for Azeroth, halijatoka rasmi Agosti 14. Tuliitwa Orgrimmar, mji mkuu wetu, tukaambiwa tunaingia Ashenvale, msitu wa elfi wa usiku, watu wenu. Hakuna aliyetuambia tunakwenda kuchoma mti wenye mji mzima juu yake. Tulipewa vijikazi, kimoja baada ya kingine: ondoa walinzi hawa, zuia habari zisifike kule, fungua njia jeshi lipite. Ukimaliza kimoja unapewa kingine, na mfukoni unaongezewa kitu. Mzee Saurfang, jemadari wetu, alikuwa mbele yetu, na mtu akiongozwa na Saurfang hujiona yuko mahali salama. Tukafika pwani ya Darkshore, Sylvanas, malkia na kiongozi wetu, akasimama ufukweni akiutazama mti wenyewe, Teldrassil, ng'ambo ya maji, akatoa amri. Manati yakarusha moto. Mimi nilikuwa mtazamaji tu, kama wewe.

Kwa hiyo ukinishitaki nina utetezi. Sikurusha jiwe hata moja. Sikuulizwa. Hata Saurfang mwenyewe alipigwa na butwaa. Mjumbe hauawi, Nassor.

Utetezi huo nimeutumia miaka yote hii, na ungenitosha kama nisingekuwa najua mambo mawili. La kwanza, sikusoma. Unajua tunavyocheza: maandishi yanatokea, jicho linashuka moja kwa moja hadi kwenye zawadi, kidole kinabofya "Kubali". Misheni zote zile za Ashenvale sikumbuki kama nilisoma sentensi mbili. Nilikuwa nafuata alama kwenye ramani. Angekuja mtu kuniuliza, "Hawa unaowaua wamekukosea nini?" ningelazimika kufungua daftari la misheni kutafuta jibu. La pili, mti ulipokwisha kuungua sikutoka. Niliendelea kurudi Darkshore, moshi bado unafuka ng'ambo, kwa sababu kazi za kule zilikuwa zinatoa vifaa vizuri. Nilipata mabega mapya, yaani vazi la kivita la mabegani. Nikakutumia picha, unakumbuka? Nawe usiku uleule ulikuwa umenipigia simu unafoka, watu wanaungua ndani ya Darnassus, ule mji wa juu ya mti, saa inahesabu kurudi nyuma, kila unayemtoa nyuma yake wamebaki wengine. Nilidhani unafoka kwa sababu mchezo ni mgumu. Kumbe mchezo ulitengenezwa usiweze kuwaokoa wote.

Utasema hakukuwa na kitufe cha "Nakataa". Kweli hakikuwepo. Kilikuwepo kitufe cha kutoka, na kila mchezaji anacho. Halafu ona: mjumbe wa kweli hutumwa, pengine kwa lazima. Mimi nilikuwa nalipa ada kila mwezi ili nitumwe. Mjumbe gani huyo anayejilipia nauli?

Hili si jambo jipya. Unakumbuka bara la Northrend kwenye mchezo, mwaka 2008? Kule Borean Tundra wale wachawi wa Kirin Tor, kutoka mji wa Dalaran, walikuwa na mateka asiyetaka kusema. Wakakwambia sheria zao haziwaruhusu kumtesa, ila wewe sheria hizo hazikuhusu. Shika hiki kifaa, sisi tunatazama pembeni. Unamchoma, anapiga kelele, unamchoma tena, mpaka anataja. Richard Bartle alilalamika sana wakati ule. Si mtu wa pembeni huyu, ni mmoja wa wawili waliotengeneza MUD pale Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, ulimwengu wa maandishi matupu ambao michezo yetu yote ni wajukuu zake. Kilichomkera ni kwamba mchezaji anasukumiwa mateso yale kama kazi ya kawaida, hana njia ya kusema hapana, na mchezo hauonyeshi kwamba kuna jambo lolote kubwa limetokea. Watu wakamcheka: mzee, unaua viumbe mia kwa siku, huyu mmoja wa nini? Nami nilicheka. Leo naona alikuwa na haki kuliko sisi. Anayekuja na upanga mnapigana. Yule alikuwa amefungwa. Na wale mabwana wa Dalaran wenye mikono safi ndio wanaonikasirisha kuliko wote, maana walijua kabisa kwamba ni vibaya, wakatafuta mkono wa mpita njia. Mkono wenyewe ukawa wangu. Nilimaliza chini ya dakika moja.

Rafiki yetu mmoja (unamjua, yule wa Morogoro) ananiambia nachanganya mambo: aliyefanya ni orki, mhusika ninayemwendesha kwenye mchezo, si mimi. Orki wangu anaitwa Kiberiti. Jina nilimpa mwaka 2010 kwa sababu ya nywele zake nyekundu, sikuwa nabii. Lakini Kiberiti hana lolote kichwani. Hajawahi kukataa amri yangu, hajawahi kuwa na njaa, hana mama. Akitenda, nimetenda. Ila na mimi sikubali kwamba nimeua mtu. Elfi wa usiku ni rangi kwenye kioo, hawaumii, na atakayeniita muuaji nitamwambia akapumzike. Ninachodaiwa ni kidogo zaidi, nacho ni changu: kwamba nilitaka mabega mapya kiasi cha kutouliza. Hiyo haikuwa rangi kwenye kioo. Hiyo ilikuwa mimi, kitini, saa saba ya usiku.

Baadaye walitupa uchaguzi, simama na Saurfang au simama na Sylvanas. Sikuwahi kukwambia: nilisimama na Sylvanas. Si kwa imani yoyote, nilitaka kuona hadithi upande huo ikoje. Haikuwa na tofauti kubwa. Njia zote mbili zilifika kwenye lango lilelile la Orgrimmar mwaka 2019, Saurfang akafa, malkia akaondoka zake.

Kisha ile hukumu! Mwaka 2022, katika toleo la Shadowlands, walimleta Sylvanas ahukumiwe, na Tyrande wenu, kiongozi wa elfi wa usiku, akamtuma kule Maw, jehanamu ya mchezo, akazitafute roho zote zilizopotea, moja moja. Ni hukumu nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini nani alikuwa amesimama pale miongoni mwa watu wazito, akiitwa shujaa? Kiberiti! Na mabega yake. Hakuna aliyegeuka akasema, "Na huyu je, si ndiye aliyetufungulia njia Ashenvale?" Nilikuwa nimekaa hapa Tanga nakunywa chai ya tangawizi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya kucheza niliona aibu kwa niaba ya orki. Waandishi walimbebesha mtu mmoja mzigo wote, sisi askari tukabaki na zawadi. Nilitamani hata mlinzi wa mlangoni aniangalie vibaya.

Kuna mmoja tu niliyewahi kumwonea wivu. Umesikia habari za Doubleagent? Yule mchezaji mwenye mhusika panda, ambaye mwanzoni anatakiwa achague Horde au Alliance ndipo aruhusiwe kutoka kisiwani kwake. Hakuchagua. Alibaki kisiwani, siku nenda siku rudi, anachuma majani na kuchimba madini, mpaka akafika levo 90 bila upande. Zamani nilimwona chizi. Siku hizi nashindwa kuamua, maana mikono yake ni safi, lakini pia hakuwa na wewe wa kumtania. Kuchagua Horde kwangu hakukuwa na falsafa yoyote, binamu yangu alikuwa Horde, basi, kama watu wanavyozaliwa nyumba ya Yanga.

Na tulivyotenganishwa kwa makusudi! Mimi nikicheka kwa kuandika "lol", wewe unaona "kek". Lugha yenyewe inavurugwa njiani ili tusisikilizane. Ingekuwa si WhatsApp tusingejua kama tumekutana mara ngapi pale Ashenvale, wewe ukiwa umejificha kwenye vichaka.

Sasa nikwambie nilichofanya juzi, usicheke. Darkshore kuna yule mama Zidormi, ukimwomba anakurudisha enzi za kabla ya vita. Nilikwenda na Kiberiti. Akanirudisha, na mti ukawa umesimama ng'ambo ya maji, mzima, majani yake yote. Nilikaa chini ufukweni, karibu na mahali manati yalipokuwa yamepangwa, nikautazama. Halafu nikatembea kuelekea kwa walinzi wenu pale Lor'danel bila kushika shoka. Walifanya kazi yao. Kiberiti alianguka, nikamwacha pale kama dakika tano, mpaka umeme ukakatika.

Tangu mchezo uruhusu pande mbili kuingia pamoja kwenye mashimo ya mapigano hatujawahi kuingia, na kosa ni langu, nimekuwa nikisingizia kazi. Jumamosi njoo na elfi wako. Saa nne usiku kwa huku, kwenu itakuwa saa tano. Nitakuwa nimejaza mafuta kwenye jenereta ya jirani, tumeshakubaliana. Na safari hii nitasoma maandishi ya kila misheni hadi mwisho, kwa hiyo uwe mvumilivu, usianze kunipigia kelele kwamba nachelewesha watu.

Mama amesema nikumbushe ule udi.

Wako,
Hamisi