Kabla hujakaa mbele ya jani la mgomba

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu mfikishie baba. Umeuliza atakula nini huko Bengaluru, India, mnapongoja majibu ya hospitali, maana wali na michuzi ya pilipili kila siku utamchosha. Umeuliza pia kama ile migahawa ya mboga iliyojengwa mfano wa nyumba za kijijini inafaa, au ni mapambo ya watalii tu. Jibu ni moja kwa yote mawili: humo ndimo baba atakapopata ugali wa ulezi, wa moto, wa kumegwa kwa mkono. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu mgeni asiyejua utaratibu huingia, akaagiza vitu anavyovijua jina, akatoka bila kuonja kile kilichowapanga wenyeji foleni.

Kwa Kikannada, lugha ya Karnataka, jimbo lenye jiji la Bengaluru, halli ni kijiji na mane ni nyumba. Mgahawa mmoja unaojulikana sana wa aina hii unaitwa hivyo hivyo, Halli Mane, na uko Malleshwaram, mtaa wa zamani wa Bengaluru. Mkipanda metro ya mstari wa kijani mnashuka kituo cha Mantri Square Sampige Road, kisha mnamalizia kwa bajaji. Mingine ya namna hiyo mtaikuta sehemu nyingine za jiji. Mtaona vigae vyekundu, nguzo za mbao, vyombo vya shaba, gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, jiwe la kusagia nafaka, na mlangoni michoro ya unga mweupe. Mtaona pia kibao kirefu cha kukalia mbele ya nyumba, wanakiita jagali. Baba akikiona hatahitaji maelezo: ni baraza. Wazee hukaa hapo jioni na mpita njia huketi bila kualikwa, kama kwetu.

Lakini usiupime mgahawa kwa ukuta wake, kwani gurudumu la mkokoteni hununuliwa. Uupime kwa ulezi. Bengaluru imejaa watu waliotoka Mandya, Hassan, Tumakuru na Kolar, wilaya ambako mkulima hushinda shambani akiwa amekula ulezi, na zamani aliyehamia mjini alipendelea wali kwa sababu ulezi ulionekana chakula cha shida. Siku hizi watoto wa wakulima hao wanalipa wapikiwe kile mama zao walichokuwa wakipika asubuhi kabla ya kwenda shamba, na wao ndio majaji. Palipo na familia zenye bibi mezani, tena bibi anakula bila kulalamika, kaeni hapo.

Ulezi wanauita ragi, na ugali wake ragi mudde. Utafurahi kujua kwamba ni ulezi ule ule wetu. Mmea huu ulianza kulimwa nyanda za juu za Afrika Mashariki, huko Ethiopia na Uganda, ukafika India maelfu ya miaka iliyopita. Mtama nao ni mwenyeji wa Afrika. Kwa hiyo nafaka mbili wanazozikumbuka kwa uchungu zaidi watu wa Karnataka wanaposema "chakula cha nyumbani" zilivuka bahari kutoka upande wetu.

Mapishi yake yanatofautiana kidogo na ya kwetu. Kikombe kimoja cha unga huenda na vikombe viwili vya maji. Kwanza kijiko kimoja cha unga hukorogwa kwenye maji hayo pamoja na chumvi kidogo, yakachemka mpaka yakawa uji mwepesi. Uji huo ndio unaozuia madonge. Kisha unga wote humiminwa katikati kama kichuguu, na hapo mpishi hakorogi: hupunguza moto, hufunika dakika tatu hadi tano, mvuke ukaupanda unga kutoka chini. Ndipo husonga kwa nguvu kwa mwiko wa mti, hufunika tena dakika mbili, na kwa mikono iliyoloweshwa maji hufinyanga bonge la ukubwa wa chungwa. Aliyekoroga mapema hupata madonge yenye unga mbichi ndani, na aliyeharakisha kuepua hupata mudde yenye ladha ya unga inayokwaruza koo.

Mezani tazama uso wa bonge. Uwe unang'aa kwa unyevu, na ukibonyeza kwa kidole urudi taratibu. Ukiona ngozi kavu imefanya nyufa, hiyo ilifinyangwa saa nyingi zilizopita ikawekwa kwenye chombo cha kuhifadhi joto. Irudishe kwa upole, omba nyingine. Hata mhudumu hatashangaa, kwa sababu wenyeji nao huirudisha. Huwa nzuri zaidi mchana kati ya saa sita na nusu na saa nane, wakati sufuria zinapikwa mfululizo.

Sasa namna ya kuila, na hapa mwambie baba mapema. Haitafunwi. Unamega tonge dogo kuliko la ugali wetu, unalizungusha kwenye mchuzi, unalimeza. Ukilitafuna linanata kwenye meno na ladha inapotea, kwani ladha iko kwenye mchuzi. Kwa mzee mwenye meno machache hii ni neema, ila matonge yawe madogo kweli na mchuzi uwe mwingi. Akiona shida ya kumeza bila kutafuna, aagizieni ragi ya uji.

Mchuzi wa kuomba ni bassaru. Mboga za majani na dengu au kunde huchemshwa pamoja, kisha maji yake huchujwa. Maji hayo huungwa kwa nazi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, pilipili kavu na ukwaju kidogo yakawa mchuzi, na zile mboga zenyewe hukaangwa kwa haradali zikawa kitoweo cha pembeni. Hakuna kinachomwagwa. Mkifika kati ya Desemba na Februari ulizeni avarekalu. Ni fiwi mbichi, jamii moja na njahi za Kenya, na huo ndio msimu wake. Jiji zima linanukia maganda yake.

Ukiacha mudde, agiza rotti, yaani mikate bapa, lakini ujue zinatofautiana. Akki rotti ni ya unga wa mchele uliochanganywa na kitunguu, karoti, kotmiri, pilipili mbichi na nazi ya kukuna, ikatandazwa kwa vidole juu ya kipande cha jani la mgomba au moja kwa moja kwenye kikaango. Katikati hutobolewa shimo la kutilia mafuta ili kiini kisibaki kibichi. Ikifika mezani ndani ya dakika mbili tangu uagize, ilipikwa mapema, na unga wa mchele ukipoa hukakamaa kama gome. Ngoja ile inayochukua dakika kumi. Jolada rotti ni ya mtama, kutoka kaskazini ya Karnataka, haina mafuta, na huliwa na ennegayi, bilinganya changa zilizojazwa karanga na ufuta. Jioni watakuwa na paddu. Ukiona chuma chenye vishimo utasema vitumbua, na umbo ni lile lile, ila hizi ni za chumvi, zina uchachu wa mchele uliolala usiku kucha, na huliwa na chatini ya nazi. Ionje chatini kwanza: nazi iliyosagwa asubuhi, kwenye joto, huwa imeanza kuchachuka alasiri.

Siku ya kula kwenye jani la mgomba, nendeni na njaa. Mlo mzima unaitwa oota na mara nyingi huongezwa mpaka mseme basi. Ncha nyembamba ya jani iwe kushoto kwako, upande mpana kulia, kwa kuwa kulia ndiko mkono unakofanya kazi. Nyunyiza maji, pangusa kwa kiganja, maji yamwagike pembeni. Migahawa mingine huweka karatasi iliyochapwa picha ya jani, na hapo unakosa harufu inayotoka wali wa moto unapolala juu ya jani lenyewe, ambayo ni nusu ya mlo.

Nusu ya juu ni ya vidogo: chumvi, achari, kosambari ya choroko zilizolowekwa na tango, palya ya mboga kavu yenye nazi. Nusu ya chini, iliyo karibu nawe, ni ya wali. Wali hauji mara moja. Mara ya kwanza huja na tovve, mbaazi zilizopondwa, na kijiko cha samli. Ya pili na saaru, mchuzi mwepesi wa ukwaju. Ya tatu na huli, mzito wenye mboga. Ya mwisho na mtindi, au majjige, mtindi mwepesi wenye chumvi na tangawizi. Mkielekea Chennai, katika jimbo jirani la Tamil Nadu, mtakuta mpangilio umegeuka, sambari, mchuzi mzito mfano wa huli, hutangulia na mchuzi mwepesi, rasamu, hufuata. Kosa la wageni ni kupokea wali mwingi mwanzoni wakashiba kabla ya mtindi, na mtindi ndio unaolipoza tumbo baada ya pilipili. Pokea konzi moja kila mara. Kabla saaru haijamiminwa tengeneza shimo katikati ya wali, la sivyo itakimbilia mapajani.

Wahudumu hupita haraka na ndoo za chuma na upawa. Usipowazuia wataongeza. Tandaza kiganja juu ya jani na useme saaku, inatosha. Swalpa ni kidogo. Bisi neeru ni maji ya moto, na hayo ndiyo mumwombee baba, wanayaleta bila malipo sehemu nyingi. Mkimaliza kunjeni jani kwa kulileta nusu ya juu kuelekea kwenu, ndiyo shukrani kwa mpishi.

Lichukulie kwa uzito hili: "mboga" kwao maana yake hakuna nyama, samaki wala yai, lakini maziwa, mtindi na samli vimo karibu kila mahali. Kwa anayechunga halali humo mna nafuu. Kwa anayechunga sukari pana mtego, kwa sababu wapishi wa mapokeo ya Udupi, mji wa pwani ya Karnataka, hutia sukari guru kwenye saaru na huli ili kuvunja ukali wa ukwaju. Ulizeni "bella ideya", kuna sukari guru? Holige, chapati nyembamba iliyojazwa dengu na sukari guru ikamwagiwa samli, ni tamu ya haki, ila baba aonje robo. Na kama daktari amempunguzia chumvi, achari na papadi abaki akizitazama.

Mingi ya migahawa hii ina sehemu ya kujihudumia, mnalipa kwanza kaunta, mnapewa risiti, mnaipeleka dirishani. Soma ubao uamue kabla ya kufika mbele, foleni ya Jumapili haina subira. Kwa baba chagueni siku ya kazi na sehemu ya kukaa, kwa sababu kule kwa kujihudumia wengi hula wamesimama.

Kahawa iwe ya mwisho. Huja kwenye bilauri ya chuma iliyosimama ndani ya kibakuli chake. Mimina kutoka bilauri kwenda kibakuli na kurudi, mara tatu nne, ipoe na ifanye povu. Ukingo wa chuma huunguza midomo, basi baba anywee kibakuli. Na mkitaka moja ya kugawana semeni "bai-tuu", wataileta tayari imegawanywa vikombe viwili, kwa bei ya moja au zaidi kidogo.

Niandikie mkifika, uniambie mudde aliimezaje.

Wako akupendaye,
Shoga yako