Filamu ya mauaji imefikaje kwenye faili la katuni?

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga. Naomba nafasi niseme na wenye maduka ya kurusha filamu kwenye flashi.

Mzazi mmoja alituletea flashi ya kuwaonesha watoto siku ya kufunga shule. Ndani ya faili lililoandikwa "Katuni" nilikuta "Winnie-the-Pooh: Blood and Honey", filamu ya Uingereza ya mwaka 2023. Aliyeirusha aliona jina la dubu wa watoto akatosheka. Kumbe dubu huyo na mwenzake nguruwe wanachinja watu mwanzo hadi mwisho.

Kitabu cha dubu huyu kiliandikwa na Mwingereza A. A. Milne na kutoka mwaka 1926, akimfikiria mwanawe. Hakimiliki ya kitabu hicho ilikwisha Marekani Januari 1, 2022, ndipo watengenezaji wakamrukia. Sheria hiyo siilaumu, na mtu mzima anayependa kutishwa ajitazamie. Lakini filamu iliyogharimu chini ya dola 100,000 iliingiza zaidi ya dola milioni 5, na kilichoiuza ni jina ambalo watoto walikwisha kulipenda. Tuzo za Razzie za 2024, zinazotolewa Marekani kwa filamu mbovu, ziliitangaza filamu mbovu kuliko zote za mwaka uliotangulia. Mwaka huohuo wa 2024 ikatoka sehemu ya pili.

Kilichoniuma hasa ni kisa chenyewe. Kijana anakwenda chuo, wanyama aliokuwa akiwalisha wanabaki na njaa, wanamla rafiki yao punda, kisha wanageuka wauaji. Wanafunzi wangu wana miaka minne, mitano. Kuna wanaolia kila asubuhi mama akigeuka pale getini, na inabidi niwashike mkono mpaka wanyamaze. Kitu watoto hawa wanachokiogopa kuliko vyote ni kuachwa. Ukiwaonesha kwamba rafiki aliyeachwa hurudi na kisu, utawaambia nini wakuelewe? Kwamba ni mtu kavaa barakoa? Kwa umri wao barakoa ndiyo sura.

Wala si sisi tu. Oktoba 2023 huko Miami, Marekani, watoto wa darasa la nne walioneshwa sehemu ya filamu hii darasani.

Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri, ila flashi haina kava la kubandika alama. Basi "18" iandikwe kwenye jina la faili lenyewe, na maofisa utamaduni wapite madukani kuhakikisha. Wazazi nanyi, kabla ya kutuletea flashi shuleni, fungueni kila filamu muitazame.

Mwalimu wa chekechea,
Tanga