Operesheni ya bawasiri: choo cha kwanza huandaliwa kabla ya kisu

Simu nyingi tunazopokea huanza kwa kimya. Mtu anasalimia, anauliza kama anaongea na nesi, anatulia, halafu anashusha sauti: "Sista, nina shida huku chini." Nikilitaja mimi neno bawasiri, nasikia pumzi inavyomtoka. Wengine huiita mgoro, wengine husema kinyama. Wengi wameishi nayo miaka mingi bila hata mwenza wao kujua, na wameshapaka kila dawa inayouzwa kwenye chupa isiyo na lebo.

Sisi ni wauguzi watatu hapa Dar es Salaam, tunawahudumia majumbani watu waliotoka kupasuliwa. Hatupasui, wala hatulipwi na daktari anayepasua. Kwa hiyo nikikwambia hapa chini kwamba kisu hukihitaji, au kwamba umeshachelewa nacho, nasema yale ninayoyaona kila wiki nikiwa nimepiga magoti pembeni ya beseni.

Kwanza ijulikane ni bawasiri kweli

Kila binadamu ana vifuko laini vyenye mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Vinasaidia njia ijifunge vizuri, na ukiwa mzima hata huvihisi. Bawasiri ni pale vifuko hivyo vinapovimba na kuanza kuteremka, mara nyingi kwa sababu ya choo kigumu, kujikamua, ujauzito, au kukaa chooni muda mrefu na simu mkononi. Iliyo ndani kwa kawaida haiumi. Inachokuonyesha ni damu nyekundu mbichi inayodondoka mwishoni mwa haja.

Tatizo ni kwamba damu haina jina usoni. Nimeshawahi kumhudumia mtu aliyejitibu bawasiri karibu mwaka mzima, kumbe ni saratani ya utumbo mpana. Kichocho cha tumbo nacho huleta damu kwenye choo, na kwa aliyekulia pembezoni mwa Ziwa Victoria ni jambo la kumwambia daktari hata kama hajaulizwa. Mchubuko wa njia ya haja hutoa damu pia, ila wenyewe unauma kama umepitisha kipande cha chupa. Ndiyo maana hakuna uamuzi wa operesheni bila mtu kuvua nguo, kulala ubavu, kupimwa kwa kidole na kuangaliwa kwa kifaa kifupi chenye mwanga. Ni dakika chache tu. Kama umevuka miaka 45, au choo kimebadilika ghafla, au unakonda bila sababu, au damu imechanganyika na kinyesi chenyewe, omba pia kipimo cha kamera ya utumbo mpana. Usione haya kuomba.

Madaktari huipanga bawasiri ya ndani kwa madaraja manne. La kwanza inatoa damu lakini haitoki nje. La pili inatoka ukijikamua, ukinyanyuka inarudi yenyewe. La tatu lazima uirudishe kwa kidole. La nne hairudi kabisa. Ukienda kwa daktari ukiwa umeshajichunguza hili, umemrahisishia nusu ya kazi, kwa sababu daraja ndilo linaloamua njia ya matibabu.

Wenye daraja la kwanza na la pili wengi hawahitaji kisu. Chakula, maji na kuacha kujikamua huwatosha. Isipotosha, kuna kufungwa mpira: daktari anavisha kipete kidogo cha mpira kwenye shina la bawasiri, damu haipiti, kinyama kinakauka na kudondoka chenyewe baada ya siku 5 hadi 10. Hulazwi, hupigwi kaputi, kwa kuwa sehemu inayofungwa haina mishipa ya maumivu ya kawaida. Utahisi uzito, kama unataka choo na choo hakipo, siku moja au mbili. Hata baadhi ya wenye daraja la tatu hupona kwa mpira, ingawa wengine hurudia mara mbili au tatu. Ukitajiwa operesheni bila hata kuambiwa habari za mpira, uliza. Na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema, maana mpira huo kwako unaweza kuleta damu nyingi.

Mama mjamzito naye asikimbilie kisu. Bawasiri nyingi za ujauzito hupungua zenyewe baada ya kujifungua. Aliyeamka asubuhi na uvimbe mgumu wa rangi ya zambarau pembeni ya njia, unaouma hata kukaa, huenda ni damu iliyoganda kwenye bawasiri ya nje. Akiwahi ndani ya siku 3 daktari anaweza kuutoa kwa ganzi ya pale pale. Zikishapita siku hizo na maumivu yanashuka, mara nyingi ni bora kuuacha unywee wenyewe.

Kisu kinabaki kwa daraja la nne, kwa daraja la tatu lililoshindikana kwa mpira, kwa bawasiri kubwa za ndani na nje kwa pamoja, na kwa mtu ambaye damu inayotoka imeanza kumwishia mwilini. Huyu wa mwisho ndiye anayenisumbua moyo. Unamkuta mama mkaanga samaki, viganja vyeupe, anahema akipanda ngazi tatu, na anakwambia, "Ni uchovu tu, mwanangu." Kumbe amekuwa akipoteza matone kila asubuhi kwa miaka.

Kuhusu matangazo ya kwenye nguzo za umeme, yanayoahidi kukausha bawasiri kwa dawa ya kupaka au sindano ya mtaani: nimeosha vidonda vya watu waliounguzwa na dawa hizo. Ngozi ya pale ikishaungua hupona kwa kovu, na kovu hujikunja. Mtu anabaki na njia nyembamba, kila choo ni kilio. Nakuomba, hata kama umechoka na hospitali, hiyo njia usiishike.

Kupanga siku

Operesheni inayofanyika zaidi ni ya kukata vifuko vilivyovimba na kuacha vidonda wazi vijifunge vyenyewe. Waliieleza madaktari Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1937, na hadi leo ni tegemeo. Kuna pia ya mashine inayokata na kubana kwa pini, ambayo maumivu yake ya siku za mwanzo ni madogo, ila uwezekano wa bawasiri kurudi ni mkubwa zaidi. Zote hufanyika kwa ganzi ya mgongoni au kaputi, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake.

Uliza bei nzima: vipimo, ganzi, kitanda, dawa za kwenda nazo nyumbani. Kama una bima, hakikisha kabla ya siku yenyewe kwamba kibali kimetoka. Kama unaishi na VVU au una kisukari, usifiche. Havikuzuii kupasuliwa vikiwa vimedhibitiwa, lakini kidonda chako kitahitaji macho zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo hospitali hawalisemi kwa sababu hawajui unakoishi. Ni choo chako. Ukiwa nyumba ya kupanga yenye choo kimoja cha wapangaji wote, ile foleni ya alfajiri na mtu kugonga mlango ndiyo adui yako. Baada ya operesheni unahitaji kukaa bila pupa, na kuosha kwa maji bila haraka. Tumewahi kumshauri mteja ahamie kwa dada yake wiki mbili, kwa ajili ya choo tu, na lilikuwa jambo la maana kuliko dawa zote alizobeba. Kama choo ni cha kuchuchumaa na magoti yako ni mabovu, tafuta kiti cha chooni mapema. Kwa wanaofunga Ramadhani, pangeni tarehe ipite mbali na mwezi mtukufu ikiwezekana, kwa sababu wiki hizo mtu anahitaji maji mchana kutwa na dawa kwa saa zake.

Na sasa lile ambalo ningependa ulibebe hata ukisahau mengine yote. Choo cha kwanza baada ya operesheni kitatokana na ulichokula kabla yake. Ukiingia thieta na tumbo lililofunga siku 4, kile kigumu ndicho kitakachopita juu ya kidonda kibichi. Anza wiki mbili kabla. Ugali wa dona badala ya sembe, maharage au mbaazi kila siku, matembele, mchicha, bamia, papai lililoiva vizuri. Maji lita 2 au zaidi kwa siku, kama daktari hajakupunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo. Nyuzi za mboga bila maji huziba badala ya kufungua, kwa hiyo viende pamoja. Muulize daktari akuandikie laktulosi au dawa nyingine ya kulainisha choo, na uendelee nayo tangu jioni ya operesheni. Usingoje mpaka ufunge.

Siku ya tatu

Nilikuwa kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa makamo, siku ya tatu baada ya kisu. Alikuwa hajala tangu operesheni zaidi ya chai na uji mwepesi. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nisipokula, sitakwenda. Watu wengi hupiga hesabu hiyo, na ndiyo inayowaumiza, kwa sababu choo hutengenezwa hata usipokula, na kila siku kinapokaa ndani kinazidi kukauka.

"Sista, leo siendi."

"Utaenda, baba. Na mimi nipo hapa mlangoni."

Tulimpa dawa ya maumivu, tukasubiri nusu saa ifanye kazi. Mkewe alileta beseni pana la plastiki, nikatia maji ya uvuguvugu, nikayapima kwa kifundo cha mkono kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Akakaa humo dakika 10. Alipoingia chooni nilimwekea kigoda kidogo chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, nikamwambia asizuie pumzi, apumue nje taratibu kama anayepuliza jiko la mkaa, na asijikamue. Tulisikia akimtaja Mungu mara mbili. Kisha kimya, kisha maji ya kopo. Alitoka jasho likimtiririka, akarudi moja kwa moja kwenye beseni, na baada ya muda akamwambia mkewe, "Kuna wali?"

Kiliuma. Sitakudanganya, kinauma, na siku 3 hadi 7 za mwanzo ndizo ngumu. Lakini cha pili huuma kidogo kuliko cha kwanza, na hofu nayo hupungua. Meza parasetamoli na dawa ya jamii ya diklofenaki au ibuprofeni kwa saa zilizoandikwa, bila kungoja maumivu yapande, mradi huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo. Kodini na tramadoli zinatuliza, ila zinafunga choo. Ukiandikiwa, dawa ya kulainisha isikosekane.

Beseni ni mara 3 au 4 kwa siku, dakika 10 hadi 15, na kila baada ya haja. Maji matupu ya uvuguvugu yanatosha. Watu wetu wanapenda kumimina chumvi viganja viwili na dawa ya kuua vijidudu juu yake. Nimeona ngozi ilivyobabuka, acheni. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usisugue. Vaa pedi, kwa sababu majimaji ya manjano na matone ya damu yatakuwepo wiki kadhaa na si dalili ya kuoza. Sisi tuliozoea kuchamba kwa maji tuna bahati hapa, karatasi kavu kwenye kidonda kile ni mateso. Kukaa, kalia mto laini kwa vipindi vifupi, ulale ubavu, utembee kidogo ndani ya nyumba kila saa chache.

Kati ya siku ya 7 na ya 14 damu inaweza kurudi. Matone si tatizo. Ikilowesha pedi, ikatoka mabonge, au ukahisi kizunguzungu, nenda hospitali usiku huo huo. Nenda pia ukipata homa, ukishindwa kabisa kukojoa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua. Kushindwa kukojoa hutokea saa chache baada ya operesheni, hasa kwa wanaume. Kukaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu na kukojoa humo humo huwasaidia baadhi, lakini tumbo la chini likijaa na kuuma usikae nyumbani kujaribu.

Kazi za mezani wengi hurudi baada ya wiki 1 hadi 2. Dereva wa bodaboda, mbeba mizigo, mkulima, hesabu wiki 3 au 4, vidonda vyenyewe hufunga kabisa kwa wiki 4 hadi 6. Daktari atataka kukuona tena ndani ya muda huo. Nenda hata kama umepona, maana njia ikianza kusinyaa hugunduliwa hapo, ikiwa bado rahisi kurekebishwa.

Tukiitwa mapema, ziara yetu ya kwanza huwa wiki mbili kabla ya operesheni. Tunaangalia choo, tunaongea na atakayekupikia, tunapitia dawa unazomeza. Ziara nyingine ni jioni unayorudi, siku ya tatu, na siku ya kumi. Ukipiga simu, tutajie tarehe uliyopangiwa, daraja uliloambiwa, na mara ya mwisho ulipata choo lini. Huna haja ya kushusha sauti.