RISALA YA VIJANA WA KARAKANA KWA MGENI RASMI, SIKU YA KUKABIDHI MEZA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na walezi,
Mafundi seremala wa mtaani mliofunga karakana zenu kuja kutusikiliza,
Wanafunzi wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha chuoni kwetu, na tunakushukuru kwa kuupokea mwaliko wa vijana ambao hawakuwa na cha kukuahidi zaidi ya kukuonesha kazi ya mikono yao.

Mheshimiwa, meza uliyowekea mikono sasa hivi haina msumari hata mmoja, haina skrubu, haina tone la gundi. Ina bao la juu, miguu miwili mipana ya pembeni, mhimili mmoja unaoishika miguu hiyo, na kabari mbili zinazoukaza mhimili usitoke. Vipande vyote vimechorwa kwenye kompyuta, vikakatwa na mashine ya CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, kutoka kwenye bodi ya plaiwudi, kisha vikaunganishwa kwa nyundo ya mbao. Ukitaka kuihamisha unang'oa kabari, unaifungua, unaifunga kamba na kuipakia kwenye bodaboda.

Wazo hili lilitokana na rundo. Nyuma ya madarasa ya shule nyingi kuna rundo la madawati mabovu, na wewe mwenyewe umeliona katika ziara zako. Mwaka 2016 nchi nzima ilihamasishwa kuchangia madawati. Wengi wetu tuliosimama hapa tulikuwa shule ya msingi wakati ule, na tunaikumbuka siku tuliyoinuka sakafuni. Baadaye dawati moja likavunjika mguu, likatolewa nje, likanyeshewa. Mguu mmoja tu! Lakini aliyelitengeneza hakuwepo tena, vipimo havikuandikwa popote, na mguu wa dawati hili haukuingia kwenye lile. Tukajiuliza: je, kama mchoro ungekuwepo?

Mashine yenyewe si uchawi wala si ngeni duniani. Mashine ya kukata chuma kwa kufuata namba ilioneshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma maelekezo kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Leo namba hizo zinatoka kwenye kompyuta. Sisi tunachora kwa FreeCAD, programu inayopakuliwa bila malipo, halafu mashine inalipeleka biti, yaani kisu chake kinachozunguka, kushoto, kulia, juu na chini, milimita kwa milimita, kama tulivyoiagiza. Tukiiagiza vibaya, inakata vibaya kwa utiifu uleule.

Hilo tulilijua siku ya kwanza. Bodi ilikuwa imeandikwa milimita 18, nasi tukachora matundu yote ya milimita 18 kamili. Mashine ikakata safi, tukashangilia. Tulipounganisha, meza ikacheza kama jino la mtoto. Tukachukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, tukapima ukingo wa bodi: 17.3. Basi tukarekebisha mchoro wote, tundu moja baada ya jingine, kazi ya siku mbili. Bodi iliyofuata ikawa 17.8. Ulimi, ile ncha ya kipande inayoingia kwenye tundu, ukagoma kuingia, mwenzetu akagonga kwa nguvu, na tabaka la juu likachanika mbele ya macho yetu. Plaiwudi ya watu, pesa ya michango ya wazazi.

Tangu hapo hatuiamini tena namba iliyoandikwa kwenye bodi. Tunapima kila bodi sehemu sita. Unene tunauandika mahali pamoja tu ndani ya mchoro, na matundu yote yanajirekebisha yenyewe kuufuata. Kabla ya kukata meza tunakata kipande cha kujaribia, kidogo kama kiganja, chenye matundu matano yanayopishana sehemu mbili za kumi za milimita. Tundu linalotufaa ni lile ambalo ulimi unaingia kwa kusukumwa na kiganja, kisha unamalizia kwa pigo moja la nyundo. Hicho kipande tumekiweka mbele yako, Mheshimiwa. Tafadhali kijaribu kwa mkono wako.

Hapa tunaomba tumtaje Mzee wetu wa karakana, fundi aliyeshika randa kabla baadhi ya walimu wetu hawajazaliwa. Tulidhani mashine ingemfanya akae pembeni. Badala yake ndiye aliyetuokoa mara nyingi zaidi. Biti ni la mviringo, kwa hiyo haliwezi kukata kona ya ndani ikawa ya mraba. Ulimi wa mraba unakwama hapo. Mzee akachukua patasi, akazichonga kona moja moja, akatuuliza kwa nini tusiichoree kona nafasi ya kupumua. Sasa kila kona ya tundu letu ina kijitundu cha duara, na ulimi unakaa mpaka mwisho. Ni yeye pia aliyeona kwamba tulipanga miguu kwenye bodi kwa kutazama nafasi tu, nyuzi za mbao zikilala mlalo pale zilipotakiwa kusimama. Kompyuta haikuona kosa. Yeye alilipitishia kidole. Tulipopanga upya, bodi mbili zikatupa meza tatu, na masalia yakawa rafu za maktaba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zipo. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inasahau ilipokuwa, na mara mbili tumepoteza bodi nzima. Kubwa zaidi ni vumbi. Vumbi la mashine hii ni laini kama unga, linaelea hewani, na barakoa za kitambaa tunazovaa hazilizuii. Tunaomba utusaidie kupata mtambo wa kufyonza vumbi. Hilo hatulioni kama pambo la karakana. Ni mapafu yetu na ya Mzee.

Ombi letu la pili halihitaji fedha nyingi, na ndilo tunalolitamani zaidi. Tunaomba kila meza na kila dawati linalonunuliwa kwa ajili ya shule za wilaya hii lipokelewe pamoja na mchoro wake, wenye vipimo vyote, na mchoro huo utunzwe na shule. Sisi tumeanza. Meza 12 tunazokabidhi leo kwa shule ya msingi jirani zinakwenda na mchoro, umo kwenye flashi na umechapwa kwenye karatasi kwa fundi asiye na kompyuta. Anayetumia msumeno wa mkono na patasi anaweza kuutengeneza mguu uleule. Hatudai chochote kwa mchoro huo.

Meza ya kumi na mbili hatujaimalizia. Miguu imesimama, bao liko mahali pake, mhimili umepita. Imebaki kabari moja ya upande wa kulia. Tumeiacha kwa ajili yako, Mheshimiwa. Nyundo ya mbao iko juu ya kitambaa cheupe, na Mzee atakushikia mguu wa meza.

Tunaomba kuwasilisha.