Jeni kuharibika siyo lazima iwe kurithi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Ile habari yenu ya ukurasa wa afya, kwamba kansa za mifupa na za nyama laini ni za kijenetiki, imetuletea kesi nyumbani wala sitanii.

Mpwa wangu ana miaka 17. Alianza na kauvimbe nyuma ya goti, kagumu kama korosho, tukajua ni mambo ya mpira tu, akakandwa maji ya moto, akachuliwa, miezi ikaenda mpaka kakawa kama yai la bata ndo tukampeleka hospitali, wakachukua kinyama kikapimwe, majibu yakaja sinovio sakoma, moja ya hizo kansa za nyama laini (sakoma ndo jina la kansa za mifupa na nyama laini). Sa gazeti lenu likawafikia mawifi wa dada, wakasoma kijenetiki wakaelewa ni ya kurithi. Kikao kikaitwa, na mimi mjomba nimekaa hapohapo mkekani naulizwa kwenu nani kafa na kansa, si bibi yenu alikuwa na uvimbe wa titi? Dada kimya, anachezea pindo la kanga.

Daktari alishatueleza vizuri kabisa. Kwenye kansa hii kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli, ile X na ile ya 18 zinakatika halafu zinabadilishana vipande, jeni ya SS18 inajikuta imeungana na SSX, yaani kama fundi cherehani kashona mkono wa shati kwenye suruali, na hicho kiroja ndo kinaanza kuiamrisha seli izaane bila kukoma. Kosa limetokea kwenye seli moja ya huyo mtoto, baba hana, mama hana, seli zake zingine nzima. Hili limejulikana tangu 1994! Kansa ya mfupa ya Ewing nayo mara nyingi ni hivyohivyo, kromosomu ya 11 na ya 22, jeni zake walizinasa watafiti wa Institut Curie pale Paris 1992. Na ndo maana kinyama kinapimwa jeni, manake kwenye hadubini sakoma nyingi zinafanana balaa, ila ukiukuta huo muungano ushajua unapambana na nani.

Sikatai, za kurithi zipo. Li na Fraumeni wa Marekani waliandika 1969 kuhusu familia ambazo sakoma na kansa ya titi zinaandamana tena kwa watu wadogo, ikaja kuonekana 1990 kwamba ni jeni ya TP53 iliyoharibika ndo inayorithiwa. Lakini bibi yetu uvimbe ulimpata ana zaidi ya miaka themanini, siyo udogoni. Halafu sakoma ya Kaposi, ambayo huku kwetu tunaijua sana, nyuma yake kuna kirusi, HHV-8, nalo mlilipita kama hamjaliona.

Kwa hiyo naomba mrekebishe, ukurasa uleule, na maandishi yawe makubwa tafadhali, wifi mkubwa wa dada miwani yake imevunjika na hakubali kusomewa.

Mjomba mtu,
Tanga