Kabla Hujalipa Kodi ya Miezi Sita

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata meseji yako. Chumba na sebule huko Tabata, 150,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, juu yake mwezi mmoja wa dalali. Jumla 1,050,000, karibu akiba yako yote. Nakuomba usilipe leo, hata dalali akisema kuna mteja mwingine yuko njiani. Kila mpangaji huambiwa hivyo.

Vigae na jipsamu ulivyovisifia viache kwanza. Fungua bomba. Waulize wapangaji wa hapo, si dalali, maji ya DAWASA hutoka siku ngapi kwa wiki. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, Dar iliingia kwenye mgao, na asiye na tanki alihangaika na madumu. Kama wanatumia kisima, yaonje. Visima vingi vya Dar vina chumvi. Sabuni haitoi povu, na maji ya kunywa utanunua.

LUKU ndiyo inayogombanisha wapangaji kuliko kitu chochote. Uliza kama mita ni yako peke yako. Wakisema ni yako, zima taa zote, chomoa kila kitu kwenye soketi, kisha katazame mita. Kile kitaa chekundu kikiendelea kupepesa, kuna mtu mwingine anakula umeme huo. Nunua umeme kidogo papo hapo uone kama kuna deni linakatwa. Kodi ya jengo nayo hukatwa humo tangu 2021, na ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo mkubaliane atakurudishiaje.

Tazama dari kama ina madoa ya kahawia. Ukuta uliopakwa rangi mpya chini tu, ushike kwa mkono. Huenda maji huingia wakati wa masika. Jirani atakwambia.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi: hakikisha anayepokea hela ndiye mwenye nyumba. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, uliza nyumba ni ya nani. Mkataba msaini mbele ya shahidi, na hela itumwe kwa jina lililo kwenye mkataba, usimkabidhi mtu mkononi.

Nimeshaongea na mjomba wako. Jumamosi asubuhi atakuja mwende wote. Mpigie leo mpange saa.

Mama yako